Funguo mbili za uwanja wa Goma

Desemba 4, 2025, marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington. Wiki haikwisha kabla wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo, hawajaingia Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Bujumbura, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Hapa Dar es Salaam hukumu ilitoka haraka, vijiweni na redioni: diplomasia imeshindwa, wino haujawahi kuzuia risasi, tuache kupoteza nauli za mikutano. Ni hukumu ya watu waliochoka kudanganywa, na siwalaumu. Lakini inachanganya kazi mbili tofauti. Ipo diplomasia ya kumaliza vita, na ipo diplomasia ya kupitisha dripu, unga na majeruhi wakati vita bado inaendelea. Ya kwanza inasuasua. Ya pili imeachwa ining'inie kwenye mkia wa ya kwanza, ikisubiri zamu yake katika kila mkutano, na ndiyo maana watu wanakufa kwa mambo ambayo yangeweza kupangwa kwenye karatasi mbili na simu nne. Rai yangu ni kwamba kazi hizi mbili zitenganishwe, kila moja iwe na meza yake, na kwamba Dar es Salaam ina sababu na uwezo wa kuiandaa hiyo meza ya pili.

Turudi Februari 8, 2025, Ikulu ya hapa hapa Dar. Wiki mbili hazijatimia tangu Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ianguke mikononi mwa M23, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana pamoja, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mwenyeji, William Ruto na Emmerson Mnangagwa wakiongoza kikao, Paul Kagame akiwa ukumbini na Félix Tshisekedi akishiriki kwa video. Tamko lao halikuwa la maneno matupu kama wengi wanavyosema. Liliwaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5, likataka mapigano yasitishwe, na likataka uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe pamoja na barabara kuu za Kivu Kaskazini na usafiri wa Ziwa Kivu. Ni nadra tamko la marais kushuka hadi kwenye barabara. Kilichokosekana kilikuwa chini zaidi ya hapo: nani anafungua, siku gani, saa ngapi, kwa karatasi ya nani. Tamko lilielekezwa kwa serikali na majeshi yao, huku lango la uwanja likiwa mikononi mwa kundi ambalo halikuwamo ukumbini. Wiki moja baadaye Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, nayo ikaanguka.

Uwanja wa Goma unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake tatizo zima linaonekana. Ndege ya misaada haitui mahali kwa sababu vita imetulia kidogo. Inahitaji kwanza ruhusa ya anga, na ruhusa hiyo hutolewa na serikali inayotambulika kimataifa, yaani Kinshasa. Inahitaji pia lami, na lami, mnara na geti vilikuwa chini ya M23. Funguo ni mbili, kila mmoja ameshika wake, na kila mmoja anaogopa kwamba akiugeuza kwanza ataonekana amekubali mamlaka ya mwenzake. Hata funguo zote mbili zikigeuzwa, kazi bado ipo. Wategua mabomu lazima wapite lami yote na kingo zake, maana bomu moja lisilolipuka linatosha kufunga uwanja. Lazima kuwe na mawasiliano ya redio kati ya rubani na ardhini, gari la zimamoto, mafuta, na kampuni ya bima iliyoridhika kwa maandishi. Oktoba 30, 2025, kwenye mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja ungefunguliwa kwa ndege za misaada ndani ya wiki chache. M23 hawakuwamo, wakalipinga tangazo. Lilikuwa kosa lile lile la Februari, safari hii kwa Kifaransa.

Niseme pia kwamba uwanja wa ndege si wa kubebea unga. Unga huenda kwa lori na kwa boti. Ndege ni ya chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, ya daktari wa upasuaji, ya majeruhi asiyeweza kusubiri. Ulipofungwa, wafanyakazi na dawa walilazimika kuzunguka kupitia Kigali na mpaka wa Gisenyi. Benki za Goma nazo zilifungwa, fedha taslimu zikaadimika, na hapo likaja tatizo ambalo halimo kwenye tamko lolote: wabeba mizigo, madereva na manesi wanalipwa na nini? Ghala linaweza kujaa na kituo cha afya kikabaki kitupu kwa sababu hakuna noti za kuwalipa wanaohamisha maboksi. Mpatanishi asiyeuliza habari ya noti anapatanisha hewa.

Kwa nini nasisitiza saa na noti badala ya amani ya kudumu? Kwa sababu ya kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa Kigoma wanaujua kuliko waandishi wa matamko. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji takriban lita 6 za dripu ya Ringer ndani ya saa 3, na karibu lita 2 kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Akizipata, uwezekano wa kufa ni mdogo sana, katika kituo kizuri chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Asipozipata, anaweza kufa siku hiyo hiyo aliyougua. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliokusanyika Goma walikufa takriban 50,000 ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mei 2015 Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, walikumbwa na ugonjwa huo huo. Meli kongwe ya MV Liemba ilikodiwa kuwatoa hadi Kigoma, watu kama 600 kila safari, wakipelekwa melini kwa mitumbwi. Ugonjwa wenye ratiba ya saa 3 hauwezi kupangiwa foleni nyuma ya mazungumzo ya miezi 18.

Na ndiyo foleni iliyowekwa. Mfumo wa makubaliano uliosainiwa Doha Novemba 15, 2025, kati ya serikali ya Kongo na M23, una itifaki 8. Mbili, ya kubadilishana wafungwa na ya kusimamia usitishaji mapigano, zilikuwa zimeshasainiwa. Upitishaji wa misaada uliwekwa miongoni mwa zile zilizobaki, pamoja na masuala mazito kama kurejesha mamlaka ya dola. Wapatanishi wana sababu yao: wanasema kila upande lazima ubakiwe na kitu cha kubadilishana, na misaada ni sehemu ya mzani. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama kinachobadilishwa kingekuwa mali ya wanaobadilishana. Machi 2025 tuliona inavyovunjika. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipangwa kufanyika Luanda tarehe 18, Umoja wa Ulaya ukaweka vikwazo tarehe 17, M23 wakajitoa. Sibishani na vikwazo. Vina kazi yake. Lakini kama kungekuwa na meza ya pili, ya maafisa wa ngazi ya kati wanaozungumza barabara na dripu tu, wangekuwa na mahali pa kuendelea tarehe 18 asubuhi.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Msafara wa misaada hautembei kwa nia njema. Hutumwa taarifa kwa kila upande peke yake: namba za magari, majina ya madereva, shehena na uzito wake, njia kizuizi kwa kizuizi, muda wa kuondoka na wa kufika, namba ya simu ya satelaiti iliyo kwenye gari la mbele. Kila upande ukithibitisha, amri inashushwa kutoka makao makuu hadi kwa kijana mwenye bunduki barabarani. Hicho kipande cha mwisho ndicho hukatika. Kamanda amekubali, lakini zamu imebadilika usiku na aliyepo hajaambiwa. Lori moja limeharibika, likabadilishwa, namba haimo kwenye orodha. Na saa: saa 4 asubuhi ya Dar ni saa 3 Goma na saa 2 Kinshasa, maana Kongo yenyewe ina majira mawili. Anayeandika kwa Kifaransa ataandika 10, 9 au 8 kwa wakati ule ule. Ahadi ya kutopiga risasi kuanzia "saa 4" isiyosema saa ya wapi na kwa hesabu gani ni mtego kwa dereva. Iandikwe kwa mtindo wa saa 24, na mji utajwe.

Kuna kasoro nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataiona mara moja. Karatasi hizi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Askari wa serikali mashariki mwa Kongo mara nyingi anajua Kiswahili, mpiganaji wa M23 kizuizini anakielewa, dereva wa lori anakizungumza. Wote watatu wanasimama mbele ya karatasi ambayo huenda hakuna hata mmoja wao anayeweza kuisoma vizuri, na lori la tani 30 linasubiri. Kwa mgao wa nusu kilo kwa mtu kwa siku, lori hilo ni chakula cha watu 2,000 kwa mwezi mzima. Kuandika msamiati mmoja wa msafara unaoeleweka Dar na Goma, ambako kizuizi wanakiita bariyeri, ni kazi ya wiki moja kwa watu wetu wa Kiswahili, na hakuna mji duniani wenye haki zaidi ya kuifanya.

Wapo wanaopinga kwa hoja za aina mbalimbali, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba kukaa na waasi kupanga misafara ni kuwatambua. Sheria ililijibu jambo hili zamani. Ibara ya 3, iliyo sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya Agosti 12, 1949, inaruhusu shirika la kibinadamu lisiloegemea upande, kama Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kutoa huduma zake kwa kila upande wa vita ya ndani, na inamalizia kwa kusema wazi kwamba kuitekeleza hakubadilishi hadhi ya kisheria ya pande hizo. Zaidi ya hapo, Kinshasa yenyewe imetia saini pamoja na M23 huko Doha. Na kazi hii imeshafanyika mbele ya macho yetu: kuanzia Aprili 30, 2025, Msalaba Mwekundu ulisindikiza kutoka Goma hadi Kinshasa askari na polisi wa Kongo waliopokonywa silaha, pamoja na familia zao, zaidi ya watu 1,000 waliokuwa wamejihifadhi kwenye kambi za Umoja wa Mataifa tangu Januari. Serikali ilikubali, M23 wakakubali, watu wakasafiri. Sijasikia kwamba safari hiyo iliipa M23 kiti Umoja wa Mataifa.

Hoja ya pili ni nzito na inastahili heshima: misaada hulisha vita. Ni kweli, na ushahidi uko mpakani kwetu. Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Miongoni mwao, na zaidi kati ya waliovuka kuingia Goma miezi iliyofuata, walikuwamo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari. Viongozi wale wale waliwasimamia watu wao kambini, wakataja idadi kubwa kuliko halisi, wakachukua mgao na kuuza ziada. Madaktari wa Médecins Sans Frontières tawi la Ufaransa waliondoka kwa sababu hiyo kabla ya mwaka kwisha. Jibu lililopatikana halikuwa kuacha kulisha watu. Lilikuwa kusajili mtu mmoja mmoja, kumpa mgao mkuu wa kaya mkononi badala ya kumpa kiongozi wa kambi, kuwapa wanawake kadi, na kutangaza kwa sauti kila mtu anastahili kilo ngapi ili anayepunjwa ajue. Upotevu haukwisha, ila ulipungua. Yeyote atakayeandaa meza ya pili aingize masharti haya siku ya kwanza, la sivyo wanaopinga watakuwa na haki.

Hoja ya tatu inatoka Sudan. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubaliana na serikali ya Khartoum na waasi wa kusini, SPLM, kuanzisha mpango mkubwa wa misaada uliokuwa na kituo chake Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya. Uliokoa watu wengi. Lakini ndege zilihitaji kibali cha Khartoum, na mapema mwaka 1998 Khartoum ilizuia safari za Bahr el Ghazal, eneo lililokuwa tayari kwenye njaa, na njaa ikageuka maafa. Wakosoaji wanasema mpango wa namna hii huwapa wapiganaji rungu, tena huwapumzisha wanasiasa wasiitafute amani. Sehemu ya kwanza naikubali kabisa, na ndiyo inayonifanya nidai tofauti ya neno moja kwenye karatasi: msafara uarifu, usiombe. Kuomba maana yake ukimya ni kukataa. Kuarifu maana yake asiyejibu ndani ya saa 48 amekubali, na anayekataa anaandika sababu na kuweka jina lake. Sehemu ya pili sioni ushahidi wake. El Salvador, kuanzia mwaka 1985, serikali na waasi walisimamisha mapigano siku 3 kila mwaka ili watoto wachanjwe, Kanisa Katoliki na UNICEF wakiwa kati. Vita iliendelea hadi 1992, kwa sababu zake yenyewe. Haikurefushwa na sindano ya surua.

Bado kuna swali kama Tanzania ina uso wa kuandaa meza hiyo. Askari wetu walikuwa kwenye kikosi cha SADC kilichopambana na M23 hadi SADC ilipofuta jukumu lake Machi 13, 2025, na tulikuwa pia kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoshiriki kuwashinda M23 mwaka 2013. Hatuwezi kujifanya watazamaji. Lakini Uturuki ni mwanachama wa NATO, na ilikuwa mwenyeji wa mpango wa nafaka wa Bahari Nyeusi Julai 22, 2022. Ukraine na Urusi hazikusaini karatasi moja. Kila moja ilisaini yake, inayofanana, na Uturuki na Umoja wa Mataifa. Kituo cha pamoja kikafunguliwa Istanbul, meli zikakaguliwa zikiingia na kutoka, na karibu tani milioni 33 zikapita hadi mpango ulipokwisha Julai 17, 2023. Sisi tunaoagiza nje sehemu kubwa ya ngano ya chapati na maandazi tulikuwa wanufaika hata kama hatukufuatilia. Dosari yake ilikuwa tarehe: kila muda ulipokaribia kwisha, upande mmoja ulipandisha madai. Tuchukue karatasi mbili pacha, tuache tarehe ya mwisho.

Kinachotupa haki ni jiografia. Shehena ya Kongo inashuka bandari ya Dar, reli inafika Kigoma, na kutoka Kigoma maji yanafika Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imewahifadhi Wakongo tangu 1996. Kwa hiyo wajibu wetu wa kwanza uko nyumbani, tena hauhitaji mkutano wa marais: kontena la dripu lisikae bandarini hadi siku zake za bure ziishe na tozo za kuhifadhi zianze kuhesabiwa wakati wakala wa forodha akizunguka na barua ya msamaha wa kodi. Barua hiyo iwe na dirisha lake, na muda wa kujibiwa uhesabiwe kwa saa. Kigoma kuwe na akiba ya dripu kabla ya mvua, si baada ya mgonjwa wa kwanza. Baada ya hapo ndipo waitwe maafisa wawili, mmoja kutoka Kinshasa na mmoja wa M23, wakae vyumba tofauti kama hawawezi kutazamana, na mtu wa Msalaba Mwekundu atembee katikati. Wasiulizwe Kivu ni ya nani. Waulizwe kuhusu barabara ya Goma hadi Sake, bandari ya Uvira, na lami ya uwanja.

Kituo kinachopokea wagonjwa 50 wazito wa kipindupindu kwa siku kinahitaji lita 300 za dripu, kama kilo 300 hivi, mzigo wa pikapu moja. Pikapu hiyo ikifika bariyeri saa 18:40, giza linaingia, kijana mwenye bunduki atamulika tochi kwenye karatasi. Iwe imeandikwa kwa Kiswahili. Iwe na mihuri miwili, jina la afisa wa zamu wa kila upande, na namba ya simu ambayo kuna mtu wa kuipokea usiku huo.